Aliyeipitisha Nambari Nne

Tangu mwezi wa nne mpaka wa tisa, mlango wa Ambrose Birkett ulibishwa na watu wawili tu: mtu wa posta, na mama mmoja mgeni aliyekosea nyumba. Yule mama alipogundua kosa lake aliomba radhi akaondoka. Ambrose alibaki kizingitini akimwangalia mpaka akakata kona, maana alitamani angalau angesimama dakika mbili amwelekeze njia.

Kelbeck ni mji mdogo. Nyumba za mawe, mvua siku nne kwa wiki, na kila mtu anajua jirani yake anapika nini. Kumtenga mtu katika mji kama huo si kazi rahisi. Inabidi watu wote washikamane, na watu wa Kelbeck walishikamana kwelikweli. Kwenye duka la mikate walimhudumia, walimrudishia chenji yake, wakamwambia asante. Lakini hakuna aliyemuuliza mgongo wake unaendeleaje. Na Mwingereza wa kaskazini akiacha kukuuliza habari za mgongo wako, bwana, jua umekwisha.

Kosa lake? Walisema ameuza kiwanda.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha ukoo wa Harkrigg, kikitengeneza tumbaku ya kiko tangu enzi za babu wa babu yao. Majani yalitoka Malawi na Brazil, yakapikwa kwa mvuke, yakabanwa kwenye mashine ya chuma iliyokuwa na umri mkubwa kuliko mtu yeyote aliye hai pale mjini, kisha yakakatwa vipande vyembamba na kutiwa kwenye makopo. Mashine ya kubana ilikuwa chini ya mikono ya Norman Tyson, miaka thelathini na saba. Harufu ilikuwa kazi ya Ambrose. Mafuta ya waridi na mengine ambayo hakumwambia mtu, aliyachanganya mwenyewe, mlango umefungwa, miaka thelathini na minne mpaka akastaafu. Yeye na Norman walikula chakula cha mchana kwenye benchi moja miaka yote hiyo, wakitukanana kwa mapenzi.

Tumbaku yao maarufu iliitwa Nambari Nne. Asiyeizoea husema inanuka sabuni ya bibi yake. Aliyeizoea hataki nyingine, na watu wa namna hiyo wako Ohio, wako Osaka, wako Warsaw: watu wazima, wenye akili zao timamu, wanaoficha makopo chini ya kitanda na kuandika tarehe juu ya kila kopo ili tumbaku izeeke humo miaka kumi na zaidi. Usiwacheke. Kila mtu ana ugonjwa wake.

Sasa, miaka ile viwanda vya tumbaku ya kiko vilikuwa vinamezwa kimoja kimoja. Wavutaji wanapungua, ushuru unapanda, wenye mali wamezeeka na watoto wao hawataki kunuka moshi. Kampuni moja ya Denmark, Nordhav, ilikuwa imekwisha kununua vinane. Desturi yake ilijulikana. Inanunua jina na picha ya kwenye kopo, basi. Kiwanda kinafungwa, mashine zinakwenda kwenye chuma chakavu, na tumbaku zote zinapikwa chini ya paa moja huko kwao. Mvutaji anafungua kopo lile lile alilolizoea, anawasha, anabaki kujiuliza kama ni yeye anayeumwa mafua.

Bibi Enid Harkrigg, mwenye kiwanda, alikuwa na miaka themanini na moja na hana mtoto. Aliuza. Lakini hakuwa mjinga yule mama. Aliweka sharti moja kwenye mkataba: Nambari Nne haitoki Kelbeck mpaka Ambrose Birkett aionje ile itakayotengenezwa Denmark, atie sahihi kwamba hakuna tofauti. Akisema tofauti ipo, kiwanda kinabaki palepale na watu wake kumi na mmoja. Baada ya hapo Bibi Enid akafariki kwa amani yake, amemwachia Ambrose mzigo.

Habari za sharti lile zilifika klabuni siku hiyohiyo mkataba ulipotiwa sahihi. Klabu ya viko ya Kelbeck hukutana kila Jumanne saa tisa alasiri, kwenye kibanda nyuma ya baa, kibanda ambacho upande mmoja uko wazi kwa kuwa sheria hairuhusu kuvuta ndani. Kwa hiyo upepo na mvua navyo ni wanachama.

"Umesikia, mzee?" Norman alimwambia. "Kazi yangu sasa iko kwenye ulimi wako. Usije ukauunguza na chai."

"Wewe tulia," Ambrose alijibu. "Wale Wadenmaki wanajua kupika biskuti tu. Nikinusa tu mara moja, nawarudisha kwao na kopo lao."

Kibanda kizima kikacheka. Siku hiyo walimnunulia bia tatu.

Wageni walifika mwezi wa pili, watatu, wakiongozwa na mama mmoja wa makamo aitwaye Birgitte Lund, mpole, mwenye miwani. Walikaa kwenye ofisi ya zamani ya Bibi Enid. Juu ya meza palikuwa na kopo la tumbaku yao, na kando yake viko sita vyeupe vya udongo, vipya, bado vimo kwenye karatasi.

"Tumekuletea viko, Bwana Birkett," alisema Birgitte.

Ambrose akavitazama kama mtu aliyewekewa kijiko cha plastiki kwenye karamu. "Mama yangu, mimi sivuti kwa kiko cha hotelini." Akaingiza mkono mfukoni akatoa chake, kile cha mzizi wa mti, cheusi tii, alichonunua mwaka alioajiriwa. Akakisugua kwenye suruali. Alitaka waone wamekuja kwa nani.

Birgitte akakiangalia kile kiko. Akafumbua mdomo, akawatazama wenzake, akaufumba.

Ambrose alivuta dakika arobaini, na kwa haki nasema alikuja pale amejiandaa kukataa. Hata maneno alikuwa ameyapanga njiani. Lakini tangu pumzi ya kwanza waridi lilikuwepo, uchungu wa nyuma ya waridi ulikuwepo, na ule mwasho mdogo mwishoni kwenye ncha ya ulimi ulikuwepo vilevile. Alivuta mpaka majivu akitafuta kasoro, akaikosa. Chini ya sakafu mashine ya Norman ilikuwa inanguruma. Aliisikia kwenye nyayo zake. Hapo angeweza kusema uongo. Neno moja tu, na hakuna binadamu ambaye angembishia. Alilitafuta neno lile na likagoma kutoka.

"Mmeweza," alisema. "Sijui mmewezaje, lakini mmeweza." Akatia sahihi.

Alishuka kumwambia Norman mwenyewe, kabla hajaambiwa na wengine.

"Unanitania," Norman alisema.

"Sikutanii."

"Birkett, sema unanitania."

"Ni ile ile, Norman. Ulitaka nisemeje?"

"Useme si ile ile! Mdomo si unao?" Norman alikuwa anapiga kelele juu ya kelele za mashine. "Watu kumi na mmoja humu ndani, wewe unaniletea habari za ile ile!"

Mwezi wa nne mashine ilikatwa vipande kwa moto na kupakiwa kwenye lori. Mwezi wa tatu, kwa bahati mbaya, Ambrose alikuwa amewaita mafundi wa kuezeka paa lake upya, kazi aliyoiahirisha miaka sita. Mji ukatazama lile paa, ukatazama kiwanda kilichofungwa, ukapiga hesabu zake. Jumanne iliyofuata alipofika klabuni alikuta kiti chake kimerundikwa makoti. Alisimama pembeni akivuta kiko chake mpaka kikaisha, na hakuna aliyenyanyua hata koti moja. Hakurudi tena.

Basi akabaki peke yake. Asubuhi anawasha redio ili nyumba iwe na sauti ya mtu. Mchana anavuta Nambari Nne ile mpya kwa kiko chake kile kile, na ilikuwa tamu, na utamu wake ulimpa nguvu ya kuwalaani wote. Alisema ukweli. Akifa leo amesema ukweli. Alijirudia hivyo kila siku, na bado saa sita ikifika alijikuta anakata mkate vipande viwili, kimoja cha Norman.

Mwezi wa tisa ilikuja barua kutoka Ohio. Aliyeiandika alijiita Dwight Pomeroy.

"Bwana Birkett," ilisema, "nimevuta Nambari Nne miaka ishirini na sita. Niliposoma kwenye tangazo lao kwamba umesema hii mpya ni ile ile, nilikuamini. Niliyagawa makopo yangu ya zamani, nikaagiza sitini mapya. Si ile. Waridi lipo, nyuma yake hakuna kitu. Sisi wapenzi wa tumbaku hii huku tunataka kujua jambo moja tu: walikulipa?"

Ambrose aliitupa barua, akaiokota, akaitupa tena. Mshamba wa Ohio anafundisha watu kazi! Akaamua amjibu kifundi, hoja kwa hoja, na ili amjibu kifundi ilibidi aonje kifundi. Akafungua droo ya jikoni, akatoa kiko cha udongo. Akakitia kwenye makaa ya jiko mpaka kikawa cheupe, kama alivyofundisha wanafunzi wote waliopita mikononi mwake, akakiacha kipoe. Akajaza tumbaku ya Denmark. Akawasha.

Pumzi ya tatu mkono ukasimama.

Waridi, kisha moshi mtupu. Akakikung'uta, akakichoma upya, akajaza tena. Waridi, kisha moshi mtupu. Akaenda kabatini akafungua kopo la zamani, la miaka aliyokuwa kazini, akalivuta kwa udongo ule ule. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Mtu hahitaji hata pua kuona tofauti ile. Mshamba wa Ohio ameiona.

Ambrose akakaa chini, palepale sakafuni.

Kiko cha mzizi kinakunywa unachokivuta humo. Ukivuta tumbaku moja ndani yake miaka na miaka, inaingia mpaka kwenye mifupa yake, na baada ya hapo utie hata majani ya chai, kitakupa ile uliyokizoesha. Wavutaji huiita hali hiyo mzuka wa kiko. Hili mwanafunzi wa Harkrigg alifundishwa siku ya kwanza, kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi: tumbaku ngeni huonjwa kwa udongo uliochomwa, na si kwa kingine. Ambrose mwenyewe alimfukuza kijana mmoja kwa kosa hilo. Na siku ile ofisini, siku moja tu iliyokuwa na maana katika maisha yake yote ya kazi, alikataa viko sita vya udongo kwa maringo. Hakuionja tumbaku ya Wadenmaki hata chembe. Alionja kazi yake mwenyewe.

Siku tatu hakutoka nje. Mashine imekwisha kukatwa. Akisema, nani atafaidika? Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo aliona haya hata kulifikiri. Walipomwita mla rushwa, walimwachia ufundi wake. Walimchukia kama bingwa aliyejiuza. Akisema kweli, hatakuwa mwizi tena, atakuwa mpumbavu. Mganga hajigangi, lakini angalau hamezi sumu yake mwenyewe akaiita dawa.

Lakini alimkumbuka Norman mpaka kifua kikamuuma. Hilo ndilo lililoshinda, na halihitaji kupambwa. Jumapili baada ya chakula cha mchana akavaa koti, akapiga moyo konde, akaenda.

Norman alifungua mlango nusu. Alikuwa amekonda. Siku hizi alikuwa anapanga matroli kwenye supamaketi.

"Sinunui kitu," alisema.

"Sikula pesa zao, Norman."

"Nenda nyumbani, Birkett."

"Nilionjea kwa kiko changu."

Mlango uliokuwa unafungwa ukasimama. "Kiko kipi?"

Ambrose akakitoa mfukoni akamwonyesha.

"Hicho cheusi?"

"Hiki."

"Hawakukuletea udongo?"

"Walileta sita. Nikavikataa."

Norman akacheka, kicheko kifupi kama kikohozi, kisha uso wake wote ukaporomoka. Akaegemea mlango. Mvua ndogo ilikuwa inamwangukia Ambrose kichwani na hakuna aliyeijali.

"Sita," Norman alisema. "Mungu wangu. Na mimi miezi saba nakulaani kila nikisukuma yale matroli. Nilikuwa najiambia, haya, amekula, angalau paa lake halivuji. Angalau kuna mtu aliyefaidika." Akajifuta uso kwa kiganja. "Heri ungekula, Ambrose. Mtu kula pesa ningeelewa. Hata kusamehe ningesamehe. Hili nifanyie nini?"

"Sijui."

"Wala mimi sijui." Kisha Norman akasema, bila kumtazama, "Njoo Jumanne. Nitawaambia mimi, usije ukaanza kuhutubia."

Jumanne Ambrose alienda. Walikuwa wamekwisha kuambiwa. Alijua kwa namna walivyonyamaza alipoingia, halafu wakaanza wote kuongea kwa pamoja. Walimsogezea kiti mahali pasipo na upepo. Cecil, mwalimu mstaafu ambaye ndiye mwenyekiti wa klabu, alimletea bia na akaishika glasi mpaka alipohakikisha Ambrose ameikamata vizuri. Walizungumza mpira, walizungumza bei ya gesi. Kila alichosema walikubaliana nacho. Zamani wangemrarua, wangemwambia hajui kitu, kichwa chake kimejaa waridi. Leo walikuwa wapole, kama mlivyo nyinyi mkienda kumwona mgonjwa, na Ambrose alitamani mmoja wao angemtukana.

Saa kumi akaingia binti mmoja mgeni, koti limelowa, amekumbatia chupa ya kioo yenye mfuniko wa chuma. Alitoka Leeds. Mjomba wake amefariki, alieleza, na miongoni mwa vitu vyake kulikuwa na tumbaku hii, haina jina, ila karatasi iliyoandikwa Harkrigg tu. Alitaka kujua ni ipi, kwa sababu mjomba alikuwa anaifungua siku ya Krismasi tu, anavuta kidogo, anafunga.

"Mwenye baa ameniambia hapa kuna mtu anayezijua zote kwa pua," alisema.

Ambrose alikuwa amekwisha kuweka glasi chini ili mikono iwe huru.

"Mpe Norman," alisema Cecil haraka. "Norman alikaa pale miaka thelathini na saba."

Norman alimtazama Ambrose, kisha akaipokea chupa. Maskini Norman, pua yake ilikufa zamani kwenye mvuke wa ile mashine, na hapo kazini hata paka alilijua hilo. Akafungua mfuniko, akainamisha kichwa, akafumba macho kama alivyoona wengine wakifanya.

Harufu ilimfikia Ambrose akiwa hatua tatu, kabla Norman hajaisikia. Aliitambua palepale. Waliitengeneza mara moja tu, wala hawakuipa nambari, makopo mia mbili, Krismasi ya mwaka Bibi Enid alipotimiza miaka hamsini. Aliichanganya yeye, siku tisa, akaitupa mara mbili na kuanza upya. Hakuwahi kujua kama kuna aliyeitunza. Mjomba wa huyu binti aliitunza miaka thelathini na zaidi, akiivuta kidogo kidogo.

"Nambari Saba," alisema Norman.

"Nambari Saba," binti alirudia, akatoa kalamu.

Ambrose alifumbua mdomo. Angesema nini, na nani angemwamini? Na hata wangemwamini: amwaibishe Norman, mbele ya watu, leo? Akaona nyuso zote zinamtazama kwa huruma, zikimwombea asijaribu.

"Au vipi, Ambrose?" Norman aliuliza. Alimuuliza kwa wema, kumpa na yeye nafasi.

"Saba," alisema Ambrose.

Binti akashukuru, akaandika saba kwenye mfuniko, akatoka na chupa yake mvuani. Norman akajinyoosha kwenye kiti, amefurahi kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili, akampiga Ambrose begani.

"Unaona? Kumbe pua bado ninayo."

"Unayo," alisema Ambrose.